Bahasha Isiyo na Namba

Jumatatu asubuhi Doriane alipofungua kabati la sampuli, alikuta bahasha zote zimegeuka rangi. Ijumaa aliziacha na mstari mweupe juu ya gundi. Sasa mstari ulikuwa wa buluu.

Mstari ule aliubuni yeye mwenyewe. Wezi wa bahasha za benki hawapendi kukata. Hushika bahasha juu ya birika linalochemka mpaka gundi ilegee, wakachomoa noti kadhaa na hundi moja, kisha wakabandika tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo Doriane alitafuta wino unaogeuka buluu ukipata joto na usiorudi kuwa mweupe. Karani wa benki akiona buluu, hana haja ya kuuliza. Lakini bahasha hizi mia nne zilikuwa tupu, zimefungwa kwa ajili ya maonyesho tu, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Nani angepoteza mvuke kuiba hewa?

"Gad, ni nani aliingia humu Samedi, ile Jumamosi?" aliuliza.

Gad, fundi wa mashine, alikuwa anafuta mafuta mikononi. "Hakuna, nyabo. Mimi mwenyewe nilifunga mlango, na mimi nimefungua leo."

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu katika mtaa wa Kakoba, nyuma ya mafundi wa pikipiki, na mwenye kiwanda aliitwa Kyomuhendo. Huyu alikuwa mtu wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hakuweza kuchora mstari ulionyooka hata akipewa rula, lakini kadi yake ya biashara ilisema "Mbunifu Mkuu". Doriane alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha uchapaji Bukavu kabla vita havijamfikisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni yeye aliyechagua plastiki inayoonyesha mkunjo ikivutwa, gundi isiyotoka bila kurarua, na mstari wa joto. Mbunifu Mkuu alichangia jambo moja tu: alifuta namba.

Doriane alitaka kila bahasha iwe na namba yake, na mwenye kuweka amana abaki na kipande chenye namba hiyo hiyo. Kyomuhendo alitazama mchoro kwa kitambo kifupi. "Namba za nini? Benki wataangalia rangi. Toa hiyo, unakula wino yangu bure." Zikachapwa mia nne, zinafanana kama punje za mtama.

Alipoonyeshwa mistari ya buluu, hakuvua miwani. "Ni jua," alisema.

"Patron, kabati iko fasi yenye haifikiwe na jua."

"Basi ni wino mbaya umechagua. Chapa mistari upya. Jumatatu ijayo madam wa benki anakuja."

Lakini alisema hayo akirudi nyuma, na siku ile hakuingia tena chumbani.

Jumanne ikaja harufu. Ilikuwa kama nywele zilizoungua zikachanganyika na matope ya mto Rwizi wakati maji yamepungua. Gad alitafuta panya aliyekufa chini ya mashine, hakumpata. Saa saba mchana umeme ukakatika kama kawaida yake, mashine ikanyamaza, na katika ule ukimya wakasikia kitu kabatini. Kilikuwa kinakwaruza plastiki. Polepole, kwa ukucha mmoja.

Gad alimtazama Doriane. Doriane alisogea hatua moja, kisha nyingine, akashika mlango wa kabati akausikia una joto kama mfuniko wa sufuria, na alipoweka sikio karibu mkwaruzo ukakoma, pakawa na pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyelala vibaya, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, na bahasha zote mia nne zikinyanyuka na kushuka nayo hata karatasi za juu ya kabati zikatetemeka, mpaka katikati ya pumzi hizo ikatoka sauti, si ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti ya mtu aliyechoshwa na wajinga:

"Na huku ndiko mnakoita kufunga?"

Doriane hakupiga kelele. Alitoka nje akakaa juu ya tairi la fundi pikipiki, mikono ameibana katikati ya magoti, na Gad akakaa karibu naye.

"Umesikia?" alinong'ona Gad.

"Nimesikia."

"Tumwambie bosi?"

"Bosi anajua," alisema Doriane. "Haukumuona jana? Muntu anaogopa kabati yake mwenyewe."

Jumatano akaja mzee mmoja kwa boda boda, mrefu, amevaa koti la jeshi lililopauka. Aliitwa Muzamiru. Alikuwa askari zamani, akakaa upande wa nyuma wa kambi ya jeshi baada ya kustaafu, na watu walimfuata kwa mambo ya majini. Hakusalimia. Alisimama mlangoni akanusa.

"Bwana Kyomuhendo," alisema, "kitu yangu bado iko humu?"

Kyomuhendo alitaka kumvuta pembeni. Muzamiru hakuvutika. Alieleza mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti, na aibu yote ikamwagika sakafuni. Kyomuhendo alikwenda kwake akitaka mioyo ya watu wa benki ilainike, zabuni iwe yake. Muzamiru akampa jini, akaliingiza katika bahasha aliyoletewa kutoka kiwandani, na Kyomuhendo akaifunga kwa mkono wake mwenyewe. Masharti yalikuwa mawili. Ijumaa baada ya swala aifungue kwa mkono ule ule. Na aseme asante.

"Ile ni kama askari wa zamu," alisema Muzamiru. "Zamu ikiisha, unamtoa. Wewe Ijumaa ulikuwa wapi?"

Ijumaa Kyomuhendo alikuwa mtaa wa Nyamitanga, akila nyama ya mbuzi na rafiki zake na kuwaeleza jinsi akili yake itakavyomletea zabuni. Huyo ndiye mtu mwenyewe. Aliamini majini kiasi cha kuomba, hakuyaamini kiasi cha kushukuru.

"Bahasha ni ipi?" aliuliza Muzamiru.

Kyomuhendo alitazama kabati. "Niliirudisha na zingine, kabati ilikuwa wazi. Ziko mia nne."

"Namba yake?"

Gad aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Doriane hakukificha kicheko chake.

"Hakuna kuchoma," alisema Muzamiru. "Hakuna kukata. Mkono ulifunga, mkono utafungua. Na sasa asante haitoshi, utaomba msamaha. Ukikataa, ile kitu itajitafutia nyumba." Akapanda boda boda yake akaenda.

Kuomba msamaha! Kyomuhendo hakuwahi kumwomba msamaha hata mama yake mzazi. Alizunguka chumbani akimlaumu mzee, akilaumu umeme, akilaumu kabati. Mwishowe akamgeukia Doriane. "Wewe unajifanya fundi. Itafute."

Doriane akaitafuta, si kwa ajili yake. Alifikiria wale makarani ambao siku moja wangeichukua mikononi. Usiku hakulala, asubuhi ya Alhamisi alikuja na jibu. Bahasha zilipokuwa zimerundikwa pamoja, joto la moja lilizichafua zote. Basi yeye na Gad wakachapa mistari mipya, myeupe, wakaibandika juu ya kila moja, wakazitandaza mezani, sakafuni, juu ya mashine, kwenye madirisha, kila moja mbali na mwenzake. Wakangoja, na Kyomuhendo nyuma yao.

Saa saba harufu ikaja. Kisha bahasha moja, karibu na mguu wa meza, ikajaa taratibu kama kifua cha mgonjwa anayevuta pumzi, ikashuka, na mstari wake ukaanza kuingia buluu kutoka pembeni kuelekea katikati, na hakuna aliyesogea, na plastiki ile ngumu ambayo Doriane aliijaribu kwa koleo na kwa meno ikafanya umbo la uso upande wa ndani, paji, pua, mdomo uliobana kwa dharau, ukageuka kumtazama Gad, ukageuka kumtazama Doriane, ukapita kwa Kyomuhendo bila kusimama, kama vile pale aliposimama hapakuwa na mtu.

Kyomuhendo alikuwa tayari mlangoni. "Fungua wewe," alimwambia Doriane. "Wewe mkimbizi, umezoea matatizo."

"Ule muzee alisema mukono yako ndiyo ifungue."

"Nitakufukuza!"

"Fukuza. Mimi sifungue."

Hakumfukuza, madam wa benki alikuwa anakuja, na hakuna mwingine aliyejua kueleza bahasha. Alikwenda kukaa ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, mpaka jioni. Doriane akaiweka bahasha ile peke yake ndani ya sufuria, akafunika kwa mfuniko wa chuma.

Jumamosi alirudi Nakivale. Laurent, mume wake, alikuwa anapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Na huyo patron wako, atafungua?" aliuliza kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

"Hapana. Atatafuta muntu wa kumubebesha."

"Nani?"

Doriane alipojibu, ndipo alipojisikia mwenyewe. "Batu ya banki."

Laurent aliacha mahindi. "Basi siku ile usinyamaze. Ata kama kazi itaisha. Mashamba iko."

"Shamba haitoshe, Laurent."

"Najua. Usinyamaze."

Jumatatu sufuria ilikuwa tupu. Kyomuhendo alikuwa amefika mapema kuliko siku zote, amevaa tai, na juu ya meza palikuwa na furushi la bahasha ishirini zilizofungwa kwa utepe, zote na mistari myeupe mipya, iliyobandikwa upogoupogo. Mbunifu Mkuu alikuwa amefanya kazi kwa mikono yake kwa mara ya kwanza, na ilionekana.

Joanita wa benki alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alivuta bahasha, akazikunja, akazilowesha, akajaribu kisu. Alimuuliza Kyomuhendo kwa nini gundi haikuganda kwenye baridi, na Kyomuhendo akazungumza dakika kumi bila kujibu. Doriane akajibu kwa sentensi moja. Ilikuwa karibu saa saba.

"Madam, chukua hizi," alisema Kyomuhendo, akimsukumia lile furushi. "Peleka kwa matawi yote. Zawadi."

Joanita akalipokea. Katikati ya furushi, mstari mmoja ulikuwa unaingia buluu.

"Madam, usibebe ile," alisema Doriane.

"Huyu ni mgonjwa," alisema Kyomuhendo haraka. "Watu wa kambi, unajua, wameona mengi."

"Kama ni muzuri, afungue ile ya katikati," alisema Doriane. "Yeye mwenyewe. Mbele yako."

Joanita alichomoa ile ya katikati, akaitupa mezani mara moja, akipuliza vidole. "Sebo," alimwambia Kyomuhendo, "hii inachoma. Ina nini? Fungua nione."

Kyomuhendo alitazama mlango. Joanita alikuwa amesimama kati yake na mlango. Akatazama ile bahasha, akatazama mkataba uliokuwa mezani chini ya kalamu ya Joanita, na tamaa ikamshinda woga. Akaishika kwa leso, akairarua. Hakusema asante. Hakuomba msamaha.

Haikutoka kitu. Bahasha ilikuwa tupu. Harufu nayo ikaondoka, hewa ikawa nyepesi, na huko nje fundi mmoja akawasha pikipiki.

Kyomuhendo akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Umeona, madam? Ujinga wa wakimbizi!" Akamnyooshea Doriane kidole. "Wewe, chukua begi yako, toka, na usi..."

Akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi. Akaufunga. Aliinama akaokota miwani, akaitazama kama mtu anayetazama uchafu, akaitia mfukoni.

"Samahani, Doriane," alisema kwa upole. "Keti, tafadhali. Madam, kazi hii yote ni ya huyu mama. Nami ndiye niliyeharibu kwa kuondoa namba. Zitarudishwa."

Joanita akatia saini.

Ndivyo Kyomuhendo alivyokuwa bosi mzuri. Alifika kwa wakati. Alimsalimia Gad kwa jina la baba yake. Alichapisha kadi mpya za biashara, na Mbunifu Mkuu akawa Doriane. Ila hakunywa tena kitu cha baridi, na kiti alichokalia kilibaki na joto mpaka asubuhi.

Baada ya miezi miwili mke wake, Vanessa, alikuja kiwandani wakati bosi ametoka. Alikuwa amemleta Muzamiru.

"Analala macho wazi," alisema Vanessa, akinong'ona. "Shuka zimeungua upande wake."

"Ninaweza kuitoa leo," alisema Muzamiru. "Mume wako atarudi vile alikuwa. Nitoe?"

Vanessa alifikiri. "Siku hizi anakaa na watoto," alisema. "Mama yangu akija, anamsalimia kwa magoti." Akamtazama Gad. Gad akatazama mashine. Wote wakamtazama Doriane, na Doriane akainama juu ya michoro yake.

Muzamiru akavaa kofia yake. "Hata adui hatujawahi kumfanyia hivi," alisema, akatoka.

Alasiri ile umeme ukakatika. Doriane alikuwa ofisini kwa bosi, amepeleka karatasi za kusaini. Mashine ilinyamaza, na kutoka chini ya shati la Kyomuhendo, ndani kabisa ya kifua, kikasikika kitu kinakwaruza. Halafu sauti ndogo sana, ya mtu aliye mbali mno, mwenye kiu.

"We mkimbizi. Nifungulie."

Yule aliyekaa kitini akaendelea kusaini. Hakuinua kichwa.

"Nakuambia, we mkimbizi!"

Doriane alisimama pale akingoja. Alijiambia kwamba kama sauti ile ingemwita Doriane, mara moja tu, angekimbia mpaka nyuma ya kambi ya jeshi kumwita Muzamiru.

Sauti ikamtukana tena.

Akakusanya karatasi zake, akaenda kumwambia Gad awashe jenereta.