Mgeni wa Gauni la Njano

Jioni ile nilitoka kununua barafu tu. Mpiga picha, bwana Lindqvist, alitaka glasi zijae barafu kando ya bwawa, eti ndivyo watu wa mji wetu wa jangwani, Palm Springs, wanavyostarehe. Nyumba yetu mpya ya vioo ilikuwa itoke gazetini, na mimi mwenye nyumba nimegeuzwa mtumishi.

Niliporudi, milima ilishaanza kupoteza rangi. Mdogo wangu Maxine alikuwa ameketi kando ya bwawa, na kwenye kiti cha pili alikaa mwanamke nisiyemjua. Gauni la njano. Shingo ndefu. Hata mfuko wa barafu uliponiponyoka ukapasuka sakafuni, hakugeuka.

Damu zetu hazikupatana. Lakini wapiga picha huja na warembo wao wa kujazia picha, nikadhani ni mmoja wao.

"Anaitwa nani?" nikamnong'oneza Maxine.

"Sijui. Ila mpole, dada. Ananifundisha kukaa."

"Kukaa nako kunafundishwa?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. Ndivyo alivyokuwa Maxine, hawezi kutulia. Tangu wazazi wetu wafariki, nilikuwa nimebaki na yeye tu.

Nikaenda kusimama mlangoni na chupa ya kinywaji mkononi, kama mpiga picha alivyonipangia.

"Jamani, tulieni!" bwana Lindqvist akapaza sauti. "Giza linaingia, kamera itabaki wazi muda mrefu. Anayetikisika anafutika!"

Kamera ikafunguka.

Kisha nikasikia harufu ya udongo uliolowa. Na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

Mwanamke yule akaweka mkono juu ya mkono wa Maxine. Nilimsikia akinong'ona, lakini midomo yake haikucheza.

"Tulia, mpenzi... tulia kabisa..."

Machale yakanicheza. Nikapiga hatua moja, nikasita. Niharibu picha ya watu kwa sababu ya wivu?

Maxine hakutikisika. Maxine wangu, hata kope!

Tak. Kamera ikafunga.

Taa za bwawa zilipowaka, kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Rafiki yako kaondoka bila kuaga," alisema bwana Lindqvist akikunja miguu ya kamera.

"Rafiki yangu? Si umekuja naye wewe?"

Mikono yake ikasimama. "Mama, mimi nimemkuta hapa hapa."

Maxine alikuwa bado ameketi, anatabasamu. Tangu siku ile hajacheka tena. Alikuwa anaogopa maji tangu utotoni; sasa kila jioni anaogelea peke yake, na sisikii maji yakilia.

Picha ililetwa wiki iliyofuata. Milima, vioo, glasi za barafu. Mimi mlangoni nimekuwa ukungu mtupu. Gauni la njano limetoka wazi mpaka mishono. Na kiti cha Maxine...

Kitupu.

Nilikuwa naificha nyuma ya kabati nilipohisi mtu mgongoni. Ile harufu ya udongo uliolowa. Maxine akanyoosha kidole kinachodondosha maji, akagusa uso wa yule mwanamke pichani.

"Nimetoka vizuri, eh?"

 "Mdogo wangu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ila wewe ulitikisika, dada," akanong'ona. "Mwite tena yule bwana. Safari hii nitakushika mkono."