Nusu ya Pili ya Wimbo wa Seonag

Tak. Tak.

Gizani, Seonag alizijua sauti hizo kabla hajafumbua macho. Vifungo vya kasha la fidla! Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na Desemba kisiwani Barra, Uskoti, saa hiyo jua bado limelala. Akaenda jikoni, akawasha taa. Torcuil amesimama na koti lake, kasha mkononi.

"Baba Beathag, safari ya wapi?"

"Polepole, utamwamsha mtoto."

"Nimeuliza, wapi?"

Simu ya Torcuil ikaangaza mezani. Seonag akaiwahi, akasoma kwa sauti:

"Kaka, Jumamosi Glasgow, bendi inatimiza miaka thelathini. Usikose meli ya leo. Struan."

Akainua macho. "Jumamosi ipi hiyo?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Jumamosi ya harusi yetu! Hii ni tarehe ya nne tunayopanga! Ya kwanza mkaenda kupiga muziki Brittany, Ufaransa. Ya pili, ziara ya kuwaaga mashabiki. Ya tatu, ziara ya kuwaaga tena. Mnaaga kama wageni wasioujua mlango!"

"Wanasema bila fidla yangu haitanoga."

"Na harusi bila bwana harusi itanoga?" Akaburuta begi kutoka chumbani. "Meli hiyo tutapanda mimi na Beathag. Tunakwenda Oban kwa dada yangu. Wewe baki na mazumari na magitaa yenu ya umeme."

"Seonag..."

"Sijamaliza! Gari la bendi lina wimbo. Mbwa wa Struan mwenye miguu mitatu ana wimbo. Hata daktari wa meno wa mpiga ngoma wenu ana wimbo! Mimi miaka kumi na moja nina pete ya uchumba tu."

Torcuil akaketi kama gunia.

"Unao."

"Nina nini?"

"Wimbo. Niliuanza wiki tuliyokutana. Nilitaka uingie nao kanisani. Lakini nina nusu tu, ya pili imenikataa. Harusi ikikaribia naona aibu, bendi ikiita nakimbia."

Seonag akamkodolea macho.

"Yaani umeniweka benchi miaka yote hiyo kwa sababu ya nusu wimbo?"

"Ndiyo."

"Hebu upige."

Akaupiga. Wimbo ukapanda, ukapanda, kisha ukakatika hewani kama mguu uliokosa ngazi.

"Endelea!"

"Ndiyo mwisho."

"Mwanamume wewe! Umepanda mpaka juu, si ushuke tu!"

Seonag akaushusha mwenyewe kwa mdomo, kwa hasira, huku akivibamiza vikombe kwenye sinki. Fidla ikanyamaza, ikasikiliza, ikaanza kumfuata. Wakafika chini pamoja.

Torcuil alikuwa analia. Akachukua simu, akaandika: "Jumamosi naoa. Tafuteni fidla nyingine."

Jibu la Struan likaja papo hapo: "Hatimaye! Tulishachoka kumwonea huruma Seonag."

"Usinitazame hivyo," Seonag alisema. "Bado nimekasirika."

"Naona."

"Na begi sijalifungua."

"Naona pia."

"Basi rudia tangu mwanzo, nisikie kama umeshika."

Akarudia. Hakuna aliyesikia honi ya meli kule gatini, isipokuwa Beathag, aliyesimama dirishani amejifunika blanketi.

"Mama, meli imeondoka."