Aliyemjibu Nasibu

Haya yalimkuta rafiki yangu Nasibu, mchimbaji wa dhahabu huko Segese, siku alipopanda treni Shinyanga kwenda kumwona mama yake Tabora. Jua lilikuwa linazama. Ghafla behewa likayumba, likaacha reli, likalala ubavu korongoni. Vumbi likajaa, giza likawa totoro, watu wakapiga mayowe.

"Jamani, tulieni kwanza!" Nasibu alisema. Akafanya wanachofanya wachimbaji duara, yaani shimo la mgodi, linapowafukia: akagonga chuma mara tatu, akatega sikio. Walio nje hujibu vivyo hivyo, ili aliyefukiwa ajue upande wa kuelekea.

Ngo! Ngo! Ngo!

Jibu lilitoka mbele yake. Akatambaa kulifuata, na mama mmoja aliyekaa naye, Mama Asteria, akamshika shati. Kila akigonga, jibu lilisogea mbele kidogo, mpaka mkono wake ukagusa dirisha lililovunjika. Akatoka, akamtoa Mama Asteria, akawavuta wengine mmoja mmoja.

"Asanteni sana, ndugu zangu!" akawaita waliokuwa wakimjibu, huku akipangusa macho.

Zaidi ya abiria, hakukuwa na mtu. Mbuga ilikuwa tupu pande zote.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Mwanangu," Mama Asteria alinong'ona, "mbona inatoka chini?"

Nasibu akapiga magoti, akalaza sikio kwenye udongo. Chini kabisa, kitu kiligonga mara tatu. Kisha kikanyamaza, kama anavyonyamaza mtu aliyefukiwa, akingoja ajibiwe.