Macho Yote kwa Ndege

Mwaka 1976 Leokadia na mumewe, Nkuba, walikuwa wakilima mpunga Ubaruku. Walihamia huko kutoka Usukumani. Msimu wa kwanza walivuna mapepe matupu, maganda yasiyo na punje. Nkuba akasema wazi kwamba wakikosa tena, watafunga mizigo warudi kwao. Leokadia hakutaka kurudi. Alikuwa amelipenda bonde lile mpaka basi.

Mpunga ulipoanza kujaa maziwa, ndege aina ya kwelea kwelea wakashuka, wezi wasio na haya. Leokadia, Nkuba na binti yao Nyamizi walishinda shambani na teo za kurushia mawe na madebe ya kupiga. Ndege walikoma. Lakini jioni moja walikuta jaruba la katikati limekauka. Maji yalikuwa yametoboa tuta na kutoka kutwa nzima, hatua chache tu kutoka aliposimama Leokadia.

Nkuba akamlaumu kwamba alisinzia. Leokadia alikasirika sana, maana hakufumba hata jicho moja.

Kesho yake alipita bwana shamba, Yotamu, akawasikiliza wote wawili. Kisha akamwomba Nkuba ahesabu ndege wanaotua kwenye mgunga ng'ambo ya mfereji, asikose hata mmoja. Nkuba akakodoa macho. Baadaye akajibu kwa majivuno kuwa ni thelathini na saba.

"Na baiskeli yangu umeiona?" Yotamu akauliza.

"Baiskeli gani?"

Kumbe, kwa ishara ya Yotamu, Leokadia alikuwa amekatiza mbele yake, kaibeba baiskeli kichwani. Nyamizi alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Nyamizi, mama hakusinzia," Yotamu alisema. "Mtu akikaza macho kwenye jambo moja, lingine humpita mbele asilione. Gawaneni kazi. Wawili wafukuze ndege. Mmoja azunguke matuta, ndege asiwashughulikie kabisa. Halafu mpokezane."

Nkuba aliinamisha kichwa. "Nimekukosea, mama Nyamizi."

Wakaziba tuta kwa udongo na majani, wakarudisha maji, wakaanza zamu. Siku ya nne Leokadia, akiwa kwenye mzunguko, aliona tundu la panya likinyonya maji. Akaliziba papo hapo. Nkuba alikuwa hapo karibu, teo mkononi, na hakuona kitu. Leokadia alijawa na furaha.

Mwaka huo walivuna magunia ishirini na mawili, punje nzito. Majirani wakaja kujifunza zamu zile. Nkuba hakutaja tena safari. Asubuhi moja alichimba udongo, akaanza kufyatua tofali za nyumba. Leokadia akapandisha kitenge magotini, akaingia kumkanyagia udongo huku akiimba.