Ngao Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani alifunga kibanda chake mapema siku ile, akachukua mifuko miwili mitupu na kwenda kuondoa vitu vya mdogo wake kwenye chumba alichokuwa amepanga. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu wamzike. Lango la chuma alilokuwa akilichomelea karakanani lilimwangukia kifuani, basi, yakaisha.

Jua lilikuwa linazama alipopokea ufunguo kwa mwenye nyumba.

"Mwanangu," mama yule akanong'ona, "huyo mnayemtuma kucheza gemu apunguze sauti. Kila magharibi mapanga yanalia humo ndani."

"Hatumtumi mtu, mama."

Wakatazamana. Mama akarudi ndani kwake, akakomea mlango.

Chumba kilinuka chuma kilichoungua.

Runinga ilikuwa inawaka.

Fundi akagusa mashine ya gemu... Ilikuwa ya moto.

Kwenye kioo cha runinga alisimama shujaa wa mdogo wake, lile pande la mtu lenye ndevu nyekundu walilolitengeneza pamoja miaka sita iliyopita. Kila Jumapili walicheza wawili. Fundi, dada mtu, alipenda upanga mfupi na ngao. Mdogo mtu hakutaka kusikia kitu kingine zaidi ya shoka kubwa, lile la kushika kwa mikono miwili. Kila pointi aliyoipata aliimwaga kwenye nguvu. Kwenye uhai na deraya, lile vazi la chuma la kujikinga, hakuweka hata moja. Akawa anaua kwa pigo moja, na kufa kwa pigo moja.

"Chukua ngao, we kichwa ngumu!" dada mtu alikuwa akimsihi.

"Ngao ya nini? Mimi nakufa kiume."

Wanacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Sasa yule shujaa alikuwa ameshika ngao. Mkono wa kushoto, imeinuliwa mpaka kidevuni.

Fundi akakaa kitandani, akafungua ukurasa wa pointi. Nguvu: moja. Nyingine zote zilikuwa zimehamishwa, zikajazwa kwenye uhai na deraya. Shoka lilikuwa limewekwa kwenye stoo yao. Mchezo ulikuwa umehifadhiwa leo... dakika tano zilizopita.

Akalia. Hakulia hivyo hata makaburini. Miaka sita ya kumbembeleza, na siku aliposikia, hakuwa tena na kifua cha kukinga.

Pedi ya pili ya kuchezea gemu, iliyokuwa juu ya mto, ikatetemeka.

Godoro likabonyea. Taratibu... upande ule wa mto.

"Dada..."

Sauti ilikuwa ya marehemu. Lakini nywele za fundi zilisimama. Mdogo wake hakuwahi kumwita dada, hata siku moja. Tangu utotoni alimwita Bosi.

"Niite ulivyozoea," akanong'ona.

Pedi ikatetemeka tena.

"Niite, tafadhali. Neno moja tu."

Kitu kikavuta pumzi kwa shida, kama mtu aliyebanwa na mzigo.

"Dada... usiondoke."

Mlango ulikuwa hatua tatu tu. Akainuka, akafika, akashika kitasa. Huenda kifo kilimfundisha kujikinga, kikamsahaulisha mengine yote. Huenda aliyekaa pale hakuwa mdogo wake kabisa, bali kitu kilichokuta nafasi wazi kikaketi. Hakujua. Hata leo hajui.

Nyuma yake, kwenye kioo, shujaa mwenye ngao akapiga goti mbele ya lango la ngome. Hawezi kupita peke yake. Lango lile linataka watu wawili.

Akangoja.

Fundi akaachia kitasa.

Alirudi kitandani bila kutazama pembeni, akachukua pedi ya kwanza na kumwita shujaa wake. Akamvua ngao. Wote wawili wakijikinga, nani atapiga? Akaingia stoo, akampa shoka la mikono miwili, na pointi zake zote akazimwaga kwenye nguvu. Uhai akauacha sifuri.

Baridi ikamgusa bega, ikatulia hapo.

"Haya," akasema, machozi yakimdondokea vidoleni. "Tangulia. Nakuja."