Kicheko cha Mchana

Haya yalimpata rafiki yangu Ambrose Wragge, mchekeshaji wa jukwaa hapa York, mwaka aliotawazwa Mfalme George wa Tatu. Siku ya kisa hiki, jioni, angecheza mchezo mpya, na watazamaji wakimzomea, Bwana Hesketh mwenye kundi la waigizaji angemfukuza.

Adhuhuri alirudi ukumbini kuchukua wigi lake. Mlangoni alimkuta Bi. Tibbet, muuza machungwa.

"Wakikuzomea leo, Bwana Wragge, kesho njoo tuuze wote."

"Wewe jaza kapu tu, mama. Watayanunua wanitupie!"

Ndani hamkuwa na dirisha wala mshumaa. Alipapasa hadi jukwaani, akalipata wigi. Kwa kuwa moyo haukutulia, alilijaribu neno lake la kuchekesha kuliko yote, kisha akanyamaza, kama wachekeshaji wanavyongoja kicheko.

Kicheko kikaja. Kilitoka roshani ya juu wanakoketi watazamaji, kicheko cha mamia ya watu, mpaka mbao zikatetemeka chini ya viatu vyake. Akamkimbilia Bi. Tibbet nje.

"Nani wako juu?"

"Nani awe juu, bwana? Roshani haijafunguliwa."

Jioni ukumbi ulijaa. Alilisema neno lile, akangoja. Roshani nzima watu walipanua vinywa, mabega yakiwatikisika, wakifuta machozi. Sauti haikutoka.

"Mbona kimya?" akanong'ona Peg Orrell, mwigizaji mwenzake.

Huko juu kapu la Bi. Tibbet likapinduka, na Ambrose akayasikia machungwa yakishuka ngazi, moja moja, hadi la mwisho.