Priampu Mbili za Santuri ya Mama

Magharibi ile nilikwenda ofisi ya mabasi hapa Garsen kuchukua mzigo kutoka Mombasa. Ulikuwa priampu, kisanduku cheusi kizito nilichokisubiri mwezi mzima.

Asiyepiga santuri hajui kazi ya kitu hicho, basi nieleze. Sindano ya gramafoni huokota sauti ndogo mno, ndogo kuliko ya mbu. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye amplifaya, huambulii kitu. Priampu ndiyo inayoinyanyua kwanza. Mbaya huinyanyua pamoja na mikwaruzo na mingurumo. Nzuri hukuletea mtu chumbani.

Nami nilimtaka mtu chumbani. Mama yangu alirekodi santuri moja na kwaya yao, mwaka mmoja kabla sijazaliwa, akafariki wakati wa kunizaa. Sauti yake siijui. Santuri imebaki hiyo moja, tena imechakaa, kila sindano ikipita inaila. Kwa hiyo nilipanga kuipiga mara moja tu, niinase kwenye kompyuta. Nikikosea priampu, nimemkosa mama.

Mimi Danson, fundi redio miaka ishirini, sikosei vitu hivi. Hivyo ndivyo nilivyojiona.

Nilipotoka na mzigo nilimkuta mzee amekaa juu ya gunia mlangoni, kanzu safi, pajani ana kitu kimefungwa kwa kanga. Alinukia udi. Na chini ya udi, kitu kingine... shombo, kama kambare aliyesahauliwa ndani ya ndoo.

"Hicho chako kizuri," alininong'oneza. "Lakini chatoa wimbo tu. Mtu hakitoi."

"Shikamoo, mzee. Umejuaje nilichobeba?"

"Marahaba. Mamako alikohoa kabla ya kuimba, wajua? Hicho chako kitakificha kikohozi." Akanisukumia kile cha kwenye kanga. "Jaribu changu. Usipokipenda, kesho nitakuja kukitwaa. Ukikipenda, pia nitakuja."

Sikuwa nimemtajia mama. Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilikipokea, maana mafundi tuna ugonjwa huo, tukionyeshwa chombo tusichokijua mikono hututangulia.

Nyumbani, kwenye chumba cha mbele ninachofanyia kazi, nilizijaribu zote mbili kwa santuri nyingine isiyo na thamani. Ya Mombasa ilikuwa safi, haina kelele hata chembe. Kisha nikaunga kisanduku cha mzee.

Nikasikia midomo ya mwimbaji ikiachana. Nikasikia mate yake. Nikasikia akimeza.

Kilikuwa bora. Naona aibu kulisema, lakini kilikuwa bora mara kumi.

Ndipo nikagundua sijakichomeka kwenye umeme. Hakikuwa na waya wa umeme wala mahali pa betri. Nyuma kulikuwa na tundu, na ndani yake vipande viwili vya shaba vyenye unyevu. Sasa, sisi mafundi wa huku tuna mtindo wetu. Ukitaka kujua kama betri ndogo ina moto, unailamba. Ikikuuma ulimi, ni nzima. Nimelamba betri tangu nianze kazi hii. Nikainama, nikatoa ulimi.

Kitu kikanilamba.

Kipana. Cha vuguvugu. Kiliuzunguka ulimi wangu taratibu, kikaonja, kikarudi ndani. Ladha ya samaki aliyeoza, na maziwa aliyocheua mtoto mchanga. Nilikimbilia uani nikatapika mpaka nyongo. Mate yangu yalivutika kama ute, hayakatiki, ikabidi niyakate kwa vidole.

Mke wangu Zipporah alitoka na maji. "Baba Mangi, umekula nini?"

"Sijala kitu." Nikarudi naye chumba cha mbele, nikamwonyesha kisanduku.

Alisimama mlangoni, pua ameibana kwa leso. "Hiyo kitu inanuka uchafu. Itupe kwa choo saa hii. Si uko na ile ya Mombasa?"

"Nitaitupa."

Nilimaanisha. Alipoingia ndani nilivaa glavu, nikakishika. Kilikuwa na joto. Na kwenye spika, gramafoni ikiwa imezimwa...

Mwanamke akakohoa.

Kikohozi kidogo, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba.

Sitaki kudanganya. Priampu ya Mombasa ilikuwa palepale mezani. Nilichagua kile kichafu nikijua ni kichafu, nikaweka santuri ya mama, nikashusha sindano.

Mama aliimba. Jamani, aliimba! Nilimsikia akivuta pumzi, nikasikia gauni lake likigusa maikrofoni, nikalia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyingine ya majimaji, chap... chap... chap... nikajifanya siisikii. Wimbo ulipokwisha, hiyo ikaendelea peke yake. Kisha kitu kikameza.

Niliinua santuri. Ilikuwa imelowa, inachuruzika ute. Niliifuta, nikaielekeza kwenye taa. Ile mistari inayobeba sauti haikuwepo. Upande mzima ulikuwa laini, unang'aa, kama sahani iliyolambwa na mbwa. Na kwenye kompyuta nilikuwa nimenasa dakika nne za kulamba, basi. Mama hakuwemo.

Asubuhi ilikuwa Jumapili, Zipporah na mwanetu Mangi wako kanisani. Mzee akaja. Nilimtokea na panga, na nilikuwa nimekusudia kabisa. Alisimama uani na shombo lake, mate yanamng'aa kidevuni. Alipofungua mdomo niliuona ulimi, mpana mno kwa mdomo ule. Sauti iliyotoka haikuwa yake ya jana.

"Hujambo, mwanangu," alisema mama.

Nzi walikuwa wakimtua midomoni na kunata. Nilitaka kumkata, na nilitaka aseme tena.

Nikaweka panga chini, nikamletea kiti.

Sasa huja kila Jumapili. Huniimbia huku nimebana pua, na akikauka koo huniomba kitu cha kulamba. Nimempa santuri zangu moja baada ya nyingine, mpaka zimekwisha. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita, nikiogopa hatarudi. Hakukasirika. Alijifuta kidevu, akaniuliza kwa sauti ile ya mama, kwa upole, iwapo Mangi anajua kuimba.

Nikasema anajua.